Usikubali Kuformati Haraka

Wasee, fundi akikuambia "hii ni ya kuformati tu", mwambie angoje. Windows ikikataa kuwaka, haimaanishi picha zako zimeenda. Mara nyingi ziko tu ndani ya diski.

Hapa Nyakoe laptopu nyingi ni za mitumba. Yetu ilikuwa na picha za pekee za sokoro akichuma majani chai, kabla tumzike. Ilipogoma, fundi mmoja alitaka kufuta kila kitu. Nilikataa. Kwa kompyuta ya rafiki, niliweka Puppy Linux kwenye flashi. Ni mfumo mdogo ulioanzia Australia mwaka wa 2003. Unawaka kutoka kwa flashi na kukaa kwenye RAM, kwa hivyo hauhitaji Windows. Nilifungua diski, nikakopi folda zote kwenye diski nyingine. Kama zingekuwa zimefutwa, ningejaribu PhotoRec, nikihifadhi zinazopatikana kwingine.

Lakini diski ikianza kugonga tik tik, zima mara moja. Hiyo inataka mtaalamu.

Laptopu utanunua ingine. Sokoro hawezi kupigwa picha tena. Kwa hivyo kabla ulipe fundi, uliza: data yangu umeitoa?