Kivuli cha mwembe

"Mwanangu, ukimaliza utaitwa nani?"

Ndilo swali ambalo baba mmoja, fundi cherehani wa Morogoro, alimuuliza kijana wake kila alipopiga simu kuomba hela. Mtoto wa jirani anasomea uuguzi, ataitwa muuguzi. Huyu wa kwake yuko mwaka wa mwisho wa fizikia, na orodha ya masomo aliyomtumia haikumsaidia mzee: fizikia ya mango, optiki, elektroniki, fizikia ya tiba. Hilo la mwisho alilidhania kuwa udaktari.

Safari hii kijana aliomba fedha za mradi wa kumalizia shahada. Baba alikuwa nazo, lakini alizitenga kwa betri mpya ya sola. Taa zilikuwa zikizimika saa mbili usiku, na nguo za wateja zinalala.

"Betri faida yake naiona," alimwambia mkewe.

Kijana alipokuja likizo hakubishana. Aliazima mita kwa fundi redio, akapanda juu ya bati saa tisa alasiri.

"Baba, betri haina kosa. Ni mwembe."

Akamweleza. Paneli ile ina seli 36, kila moja ikitoa kama nusu volti. Ndani ya seli kuna silikoni ya tabaka mbili, moja imetiwa fosforasi kidogo, nyingine boroni. Mwanga ukiipiga, elektroni husukumwa upande mmoja. Huo ndio umeme. Seli zenyewe zimeungwa kwa mfululizo, kama watu waliojipanga kupokezana ndoo za maji. Mmoja akilegea, mstari wote unakwama. Tawi la mwembe lilikuwa limekua, na kila mchana lilifunika seli za chini.

Walikata tawi. Siku ya pili usiku, taa zilifika saa tano.

"Haya nani kakufundisha?"

"Ndiyo hiyo fizikia ya mango, baba. Mango ni vitu vigumu, kama chuma na hiyo silikoni."

Mzee akanyamaza, kisha akarudia swali lake la siku zote. Kijana angeweza kumdanganya. Badala yake alisema bado hajui. Anaweza kufundisha. Anaweza kuingia kwenye kazi za sola. Akisoma zaidi, anaweza kuwa mwanafizikia wa tiba, wale wanaokokotoa kipimo cha mionzi ya mgonjwa wa saratani katika hospitali kama Ocean Road, Dar es Salaam, ili ichome uvimbe na isiunguze sehemu nzima.

Jibu la "sijui" halikumfurahisha baba. Hata hivyo, lilikuwa jibu la kwanza alilolielewa. Alimwita mkewe alete ile bahasha ya betri, akahesabu noti mbele ya wote wawili, akamkabidhi kijana.

Siku hizi akipiga simu chuoni haulizi tena kijana ataitwa nani. Anauliza, "Wiki hii mmesoma nini?" Kisha anasikiliza mpaka salio linakwisha.