Juu ya Maradhi ya Kujinyima Chakula

Njaa tuijuayo sana ni ile iletwayo na ukame, vita au ufukara. Iko njaa nyingine, ya mtu aliyewekewa sahani iliyojaa naye asiweze kuinyoshea mkono. Waganga huiita anoreksia. Sisi hatujaipa jina lililozoeleka, na kwa hiyo hupita katikati yetu bila ya kutambulikana.

Husemwa kuwa maradhi haya ni ya mabinti wa matajiri, na kuwa mzizi wake ni kiburi cha uzuri. Siafiki kauli hii. Mwaka 1689 tabibu wa Kiingereza, Richard Morton, alieleza habari za wagonjwa wawili waliokonda pasipo homa wala kikohozi. Mmoja alikuwa msichana wa miaka 18. Wa pili, mvulana wa miaka 16, mwana wa kasisi. Siku hizo hapakuwa na sinema wala magazeti ya mitindo. Wote wawili walikuwa watu wa kuinamia vitabu mno. Mvulana alishauriwa aache masomo, ahamie mashamba, apande farasi na kunywa maziwa, akapata nafuu. Msichana alichoka na dawa, akafa.

Habari ya vitabu si ndogo, hasa kwa wasomaji wa kurasa hizi. Wanaoelekea zaidi kushikwa na anoreksia ni vijana waangalifu, wasioridhika na kazi yao hata ikisifiwa, wawezao kujitawala kuliko wenzao. Kwa maneno mengine, ni wale ambao wazazi na walimu huwatolea mfano. Ugonjwa huja umevaa nguo za adabu.

Nilimjua binti mmoja wa ukoo wetu, wa kwanza darasani, ambaye baada ya Ramadhani alilipa siku zake, akafunga sita za Shawali, kisha akashika Jumatatu na Alhamisi za mwaka mzima. Bibi zake walimsifu na kumwombea dua. Mwili ulipungua, nywele zikakatika, hedhi ikakoma. Bado sifa ziliendelea. Aliyetambua ni mama yake, na alitambua kwa jambo dogo. Mwenye saumu huipenda adhana ya magharibi. Binti huyu aliiogopa. Wengine walipoipokea tende na uji, yeye alishughulika kuwaandalia watu, akazunguka na birika mpaka vyombo vikaondolewa. Saumu haina lawama hapa, maana sheria yenyewe humruhusu mgonjwa kula. Ilikuwa pazia tu.

Yafaa tujue pia kwamba njaa yenyewe huizidisha njaa hii. Mwaka 1944 hadi 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya njema, waliokataa kushika silaha vitani, walijitolea kulishwa chakula pungufu kwa majuma 24. Watu hao hawakuwa na shauku yoyote ya wembamba. Hata hivyo fikira zao zote zilikuwa chakula: walikiota usiku, walisoma vitabu vya mapishi, walikokoteza mlo mmoja kwa muda mrefu, wakawa wazito wa moyo na wepesi wa kugombana. Waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula pasipo kushiba. Basi aanzaye kujinyima kwa sababu yoyote, awe mkimbiaji, mcheza dansi, au mtoto aliyechekwa kwa unene wake, amekaribia mlango ambao wengine huingia wasiweze kutoka.

Kwa nini wengine na si wote? Sehemu ya jibu imo katika damu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019, uliolinganisha wagonjwa karibu 17,000 na watu zaidi ya 55,000 wasio wagonjwa, ulikuta mahali nane katika urithi wa mwili panapohusiana na anoreksia, na uhusiano wake haukuishia katika mambo ya akili bali ulifika hata katika jinsi mwili utumiavyo chakula. Habari hii yatosha kumwondolea mama lawama alizobebeshwa miaka mingi.

Lakini damu haibadiliki katika miaka mitatu, na desturi hubadilika. Katika visiwa vya Fiji mwili mnene ulikuwa heshima, na mtu akikonda jamaa zake walishituka. Televisheni ilifika mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Mwaka huo Anne Becker, mtaalamu wa Marekani, aliwahoji wasichana wa shule, asikute hata mmoja ajitapishaye ili apungue. Mwaka 1998 alikuta 11 katika kila 100. Wasichana walisema wanataka kufanana na wanawake wa televisheni, na wengine waliona wembamba kuwa njia ya kupata kazi. Hiki si kiburi. Ni hesabu ya maisha, ingawa ni hesabu mbaya. Pwani yetu nayo imesifu unene kwa karne nyingi, na leo simu imo katika kila kiganja.

Wako wasiotazamwa kabisa: kijana wa kiume atakaye misuli, mwenye kisukari apunguzaye dawa yake ya insulini ili akonde, na mwenye bulimia, alaye kwa pupa akajitapisha faraghani. Huyu wa mwisho aghalabu ana uzito wa kawaida. Akipanda mizani ya zahanati huandikwa mzima, akarudi nyumbani.