Misalaba Midogo ya Shaba

Mgeni hakai siku mbili Lubumbashi bila kuonyeshwa lile bomba refu la moshi na, kando yake, kilima cheusi cha masazo ya shaba. Wenyeji huvionyesha kama watu wengine waonyeshavyo mnara wa kanisa lao. Mimi nalikwenda huko kwa haja ndogo zaidi. Mtoto wangu wa ubatizo alikuwa karibu kupokea Kipaimara, nami nalitaka kumpelekea kito cha shingoni kilichofanywa kwa mikono katika nchi ya shaba, si mkufu wa kiwandani ugeukao mweusi kabla ya Pasaka.

Mji huo ulianzishwa mwaka 1910, ukaitwa Elisabethville kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. Tangu 1966 unaitwa Lubumbashi, kwa jina la mto wake. Mkoa nao, tangu 1971 hata 1997, uliitwa Shaba, neno la Kiswahili chetu! Lakini kazi ya shaba ilikuwako karne nyingi kabla ya mtambo wa kwanza kuwashwa mwaka 1911. Zamani, mtama ukiisha kuvunwa, watu waliondoka vijijini kwenda machimboni. Wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani. Wanaume walijenga tanuu kwa udongo wa vichuguu, wakavukuta moto wa makaa. Nao walijua pa kuchimba bila ramani, kwa maana penye shaba nyingi miti haioti, ila majani na maua machache yawezayo kuvumilia ukali wa udongo ule. Mhashamu Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyefika Katanga mwaka 1910 na kuliongoza Kanisa la huko mpaka kufa kwake mwaka 1958, aliandika habari za wahunzi hao mwaka 1926, na katika maandishi yake wanaitwa wala shaba.

Fundi niliyepelekwa kwake hukaa Katuba, na karakana yake ni ua wa nyumba, chini ya mabati. Nalikuta benchi, tupa, koleo, nyundo ndogo, gurudumu la kunolea, na ndoo ya maji. Mkewe alinipa kiti, akaniita Mwalimu kabla sijasema kazi yangu. Sijui aliijuaje, labda kwa viatu.

“Karibu, Mwalimu,” fundi alisema, “lakini usisogee huku penye vumbi.”

Vumbi hilo ni la malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari na macho-macho kama ubao wa mti uliokatwa. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba, na vumbi lake likivutwa pumzi ni sumu. Ndiyo sababu fundi hukata na kusugua jiwe likiwa limelowa, tena hujifunga kitambaa puani. Mwanawe wa miaka kumi na mitatu huruhusiwa kufunga waya na kupiga nta tu, na hayo ni baada ya masomo. “Baba yangu alisugua jiwe kavu,” alisema, “akakohoa mpaka akatuacha.” Hakuongeza neno, nami sikuuliza.

Akina mama wapendao kijani hicho wajue kwamba jiwe hili ni laini kuliko kioo, kisu hulikwaruza. Siki na ndimu huliharibu. Lipanguswe kwa kitambaa chenye maji kidogo, basi. Tena lile la kweli ni zito na baridi mkononi, na mistari yake haifanani kamwe. Ikifanana sana, umeuziwa plastiki.

Nalimwuliza apata wapi mifano ya vitu vyake. Alinionyesha kwanza bangili za waya mwembamba uliozungushwa juu ya nyuzi, mfano wa zile ziitwazo sambo, ambazo Wayeke wa Msiri walizifanya huko Bunkeya. Wayeke asili yao ni Usumbwa, magharibi ya Tanzania, na Wanyamwezi pia walivaa sambo miguuni. Kisha akaonyesha pete. “Hizi mfano wake umo katika jiwe lenyewe. Nikikuta jicho, siwezi kulikata katikati.” Mwisho alitoa kisanduku, na ndani yake mlikuwa na misalaba midogo ya shaba, si ya umbo tulilozoea, bali mikono yake minne ni sawa kama herufi X.

Umbo hilo ni la kale sana. Huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, makaburi yaliyofukuliwa tangu mwaka 1957 yalitoa mikufu, bangili na misalaba ya namna hii, mingine imelazwa juu ya kifua cha maiti. Baadaye misalaba ikawa fedha. Ile mikubwa hukaribia kilo moja. Watu waliilipa mahari, wakanunua vitu na, tusifiche, wakanunua watu. Katanga ilipojitenga, tangu 1960 hata 1963, misalaba mitatu iliwekwa katika bendera.

“Mama mmoja alinunua wa Komunyo ya kwanza,” fundi alisema, “akaurudisha kesho yake. Aliniambia: Baba, hii ni fedha waliyouzwa nayo wazee wetu, nami nimvike mtoto? Nalimrudishia pesa yake. Mwaka mzima sikufanya mwingine.”

“Mbona umeanza tena?”

Alisugua kidole kwa msasa kana kwamba nacho ni shaba. “Nalifikiri, hata msalaba wa Bwana wetu ulikuwa chombo cha kuulia watu. Nao tunauvaa.”

Nimefundisha katekisimu miaka kumi, wala sikuwa na jibu tayari. Nalikumbuka kwamba wamisionari Wabenediktini wa huko walitoka abasia ya Mtakatifu Andrea, na kwa mapokeo Mtume huyo alitundikwa juu ya msalaba wa umbo hilohilo. Nalimwambia, akafurahi, akamwita mkewe asikie. Lakini mama yule mwenye mtoto hakukosea, nami nalimwambia hilo pia.

Nalinunua mmoja, ukiwa na tone la malakiti katikati. Fundi aliufunga katika karatasi ya daftari la mwanawe. Nalimwandikia binti yangu barua ndefu yenye habari zote hizi, bila kupunguza, maana ana miaka kumi na minne na anaweza kusoma. Aliuvaa siku ya Kipaimara. Katika majibu yake alishukuru vizuri, kisha chini kabisa akauliza: mtu mmoja alikuwa misalaba mingapi? Barua hiyo ingali mezani pangu.