Moto Isiyo na Moto

Mgeni kutoka Mombasa au Dar es Salaam akifika Kigali hushangaa kusikia mtu akisema, "Nimepanda moto." Kwetu moto ni pikipiki ya abiria, neno tulilorithi kutoka Kifaransa, na dereva wake ni motari. Nyumbani kwetu Biryogo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya jikoni na barazani, tulikua tukilifanyia neno hili utani: moto inakunywa petroli, moto inatoa moshi, moto imemchoma mtu mguu kwa ekzosi. Siku hizi utani umebadilika. Tunasema moto hazina moto tena, kwa sababu zinaendeshwa kwa umeme.

Baba yangu ni fundi wa pikipiki. Kwa zaidi ya miaka ishirini amefungua injini chini ya kibanda cha mabati huko Nyamirambo. Pistoni, ringi, valvu na kabureta ndizo zilizonilipia ada mpaka nikaingia chuo kikuu kusomea uhandisi wa umeme. Mwaka 2019, kampuni ya Ampersand ilipoanza kuingiza pikipiki za umeme katika barabara za Kigali pamoja na vituo vya kubadilishia betri, baba alicheka na kusema hivyo ni vitu vya kuchezea watoto. Januari 2025 hakucheka. Kanuni ilianza kwamba pikipiki mpya inayosajiliwa kubeba abiria mjini Kigali lazima iwe ya umeme. Jioni moja, akifuta mikono kwa tambara, aliniuliza, "Mwanangu, hayo unayosoma ndiyo yatakayonifungia gereji?"

Sikumjibu, maana darasani nilikuwa nimefundishwa jambo ambalo lingemuumiza. Injini ya petroli hugeuza chini ya theluthi ya nishati ya mafuta kuwa mwendo. Sehemu kubwa hupotea kama joto. Mota ya umeme, inapofanya kazi katika hali nzuri, hugeuza kama asilimia 90. Haina plagi, haina valvu, haihitaji kubadilishwa oili kila mara. Kila sifa niliyoisomea kwa furaha ilikuwa ni kazi moja inayotoka mikononi mwa baba.

Mwezi wa Aprili, mvua za masika zilipopamba, motari mmoja jirani yetu alileta pikipiki yake ya umeme. Ilikuwa ikisitasita inapoondoka na kukoroma inapokwenda. Muuzaji alikuwa amemwambia anunue gurudumu zima pamoja na mota yake, kwa bei ambayo hakuwa nayo. Baba aliniita. "Njoo wewe msomi. Hii ni yako."

Nilikuja na mita yangu. Ndani ya mota ya aina ile mna vihisi vidogo vitatu vinavyokiarifu kidhibiti mahali zilipo sumaku, ili umeme upelekwe kwenye koili inayostahili. Nilipolizungusha gurudumu polepole, vihisi viwili vilijibu na cha tatu kikakaa kimya. Nikajiona nimemaliza. Baba akachukua bisibisi, akaweka ncha kwenye mota na mpini sikioni, kama anavyofanya kwa injini, akaniambia nizungushe tena. "Beringi ya kushoto imekufa," alisema. "Hii haina kelele za injini za kuificha. Ni rahisi kusikia kuliko zile zangu."

Tuliifungua. Sumaku zilivuta kwa nguvu mpaka zikambana baba kidole, akatukana kwa lugha tatu. Ndani tulikuta maji na kutu, na beringi imekwisha kama alivyosema. Namba yake ilikuwa ile ile ya beringi anazoweka kwenye magurudumu ya pikipiki za petroli; alikuwa nazo kwenye kopo. Mimi nililehemu kihisi kipya, yeye akasafisha na kuziba mfuniko. Jioni pikipiki iliondoka. Baada ya wiki tatu ilirudi, maji yameingia tena. Baba akachonga sili nyingine ya mpira, na hiyo imeshika hadi leo.

Lakini jambo lililonikaa moyoni ni rangi ya koili. Vanishi inayozifunika nyaya za shaba ilikuwa imegeuka kahawia. Baba alimuuliza motari njia anazopita, naye akataja milima: Kimisagara, Mont Kigali, kupanda na abiria siku nzima kwa mwendo wa pole. Hapo hesabu ya darasani ikawa na sura. Mlimani mota huvuta mkondo mkubwa wa umeme, na mkondo ukiongezeka mara mbili, joto ndani ya nyaya huongezeka mara nne. Joto likizidi, vanishi huungua na sumaku hupungua nguvu.

Wanafunzi wenzangu, nadhani hapa ndipo nafasi yetu ya ubunifu ilipo. Tukisikia usafiri safi tunafikiria betri tu. Ila mota nyingi za pikipiki hizi hutegemea sumaku za neodimiamu, madini ambayo sehemu kubwa husafishwa China. Aprili 2025 China ilipodhibiti uuzaji nje wa baadhi ya madini adimu na sumaku zake, viwanda vya magari duniani vilitetemeka. Zipo mota zisizohitaji sumaku hizo, ambazo sehemu yake inayozunguka ni chuma cha kawaida. Zina kelele zaidi na zinahitaji kidhibiti chenye akili zaidi, lakini hazina sumaku ya kuharibiwa na joto. Mji wa milima kama Kigali ungekuwa mahali pazuri pa kuzijaribu.

Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa uwe wa kuchora mota kwenye kompyuta peke yake. Nimeubadilisha. Nitapima joto la mota inayopanda mlima na abiria, kisha nibuni mfuniko unaopoza koili, unaozuia maji, na unaofunguka kwa spana za kawaida. Bila hilo la mwisho, usafi wa vyombo hivi utalipiwa na motari anayelazimishwa kununua gurudumu zima kwa sababu ya beringi moja.

Swali la baba bado sijalijibu lote. Kazi za kabureta zinapungua kila mwezi, na kukarabati mota chache hakujaziba pengo hilo. Ila juzi nilimkuta ameandika kwa chaki kwenye bati la kibanda, chini ya orodha ya zamani ya pistoni na klachi: "Mota za umeme pia." Kisha akaniomba nimfundishe kutumia mita.