Kompyuta Kuukuu Zapanda Newala

Anayetoka Masasi kwenda Newala huiacha nyuma ile milima ya mawe iliyosimama mmoja mmoja kama vichuguu vikubwa, akapita katikati ya mikorosho, kisha gari huanza kuguna. Hewa inapoa, masikio yanaziba kidogo, na mara upo juu ya uwanda wa Makonde. Wenzetu wa mikoa mingine wanaijua Newala kwa korosho, na labda kwa Shimo la Mungu, lile bonde la kutisha lililo ukingoni mwa mji, ambapo ukungu ukiondoka asubuhi unaona nchi ikishuka kuelekea mto Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake.

Sisi tunaoishi Masasi tunaijua Newala kwa maji pia. Udongo wa kule juu hunywa mvua yote, na visima vya kuchimba kwa jembe havitoi kitu. Bibi zetu walishuka mabondeni alfajiri kuchota, wakapanda na mitungi kichwani, mpaka miaka ya 1950 ulipoanza mradi wa kusukuma maji kwa mitambo kuyaleta juu. Hadi leo pampu ikisimama ndoo hupangwa mstari. Ndiyo maana mama wa Newala akiletewa chombo chochote cha kisasa, haulizi kwanza kinafanya nini. Anauliza, "Kikiharibika, nani atakitengeneza?"

Vyombo vya ajabu si vigeni huku. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alifika Masasi na Newala akiwa na mashine ya kunasa sauti na kamera ya sinema, akanasa nyimbo za watu na kwenda nazo Ujerumani. Na kabla yake, mwaka 1876, Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani wakaanzisha kijiji cha misheni. Huyo Steere ndiye aliyekuwa akichapa vitabu vya Kiswahili Unguja. Tunamtaja kwa sababu ataturudia hapo mbele kidogo.

Safari yetu ilikuwa ya Jumamosi. Tulikuwa akina mama watatu, wauguzi wote, pamoja na kijana wetu wa kwaya ambaye ni fundi katika steshenari moja pale Masasi mjini. Hosteli tuliyokwenda ni ndogo, ya wasichana wa sekondari, na inaangaliwa na akina mama wa kanisa. Huwa tunapanda kila baada ya miezi michache kuzungumza na mabinti juu ya afya yao. Safari hii tulibeba pia flashi tatu, brashi mbili za kupakia rangi, bisibisi, na betri za duara kama zile za saa.

Stoo ya hosteli ilikuwa na kompyuta kumi na moja za mezani, zilizoletwa na wafadhili miaka mingi iliyopita. Nyingine zilikuwa na vioo vya chogo, nyingine vioo bapa. Zilifanya kazi kwa muda, zikaanza kuwa nzito, zikaingiwa na virusi, zikanyamaza. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshazipigia hesabu na angekuja Jumatatu. Mama mweka hazina alitaka ziuzwe, kwa maana mabinti wawili walikuwa wakilala godoro moja. Mama mlezi wa hosteli alikataa. Alituonyesha kipande cha karatasi ya manila ukutani, kimechorwa vitufe vyote vya kompyuta kwa kalamu ya wino mzito. Mabinti wake wa kidato cha tatu wanaosoma somo la kompyuta walikuwa wakijifunzia kupiga chapa pale, juu ya karatasi.

"Shikamoo mama," kijana wetu alimwambia mweka hazina. "Nipe siku ya leo tu. Zikikataa, Jumatatu ziende."

"Marahaba, mwanangu. Leo tu," alijibu yule mama, wala hakutabasamu.

Sasa tueleze jambo lenyewe, maana wengi wetu tumezoea kuambiwa kuwa kompyuta nzee imekufa. Mara nyingi haijafa. Kompyuta ina mwili, yaani vyuma na waya, na ina programu kuu inayouendesha mwili huo. Mashine nyingi tulizonazo zililetwa na Windows ya kampuni ya Microsoft. Kila toleo jipya la Windows hutaka mwili wenye nguvu zaidi, na matoleo ya zamani huachwa. Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4 na kifaa maalumu cha usalama, ambacho mashine za stoo ile hazikuwahi kukiona. Kumpa mashine wa namna hiyo programu mpya na nzito ni sawa na kumtwika gunia la korosho bibi mwenye moyo dhaifu. Si kwamba bibi hana kazi anayoiweza. Mzigo ndio si wake.

Linux ni programu kuu ya namna nyingine. Aliyeianzisha ni Linus Torvalds, mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, Finland. Aliiweka wazi ili yeyote aisome, aitumie, airekebishe na kumpa jirani bila kulipa. Ndiyo maana huitwa programu huria. Maelfu ya watu wameiongeza, na leo ina sura nyingi. Mojawapo, Ubuntu, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la Kizulu na Kixhosa lenye maana ya utu. Zipo sura zilizopunguzwa uzito makusudi kwa ajili ya mashine dhaifu, kama Lubuntu, Puppy na antiX. Na ukidhani hujawahi kukutana na Linux, tazama simu yako: kama ni ya Android, moyo wake ni Linux. Hata takwimu za MTUHA tunazozijaza zahanati huishia katika DHIS2, programu huria iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Tanzania ilikuwa imeieneza wilaya zote kufikia mwaka 2013. Wengi wetu tunamwaga jasho juu ya zile rejista bila kujua.

Kijana alianza na usafi. Alifungua makasha yote, nasi tukashika brashi. Vumbi la kule juu ni laini kama unga wa muhogo, na lilikuwa limeziba feni zote. Katika mashine mbili tulikuta mayai ya mijusi. Mashine isiyopumua hupata joto, na ikipata joto hujizima yenyewe, kisha watu husema imeharibika. Saa nzima ilikwisha katika brashi tu, na mashine mbili ziliamka kwa dawa hiyo peke yake.

Kisha akabadilisha zile betri za duara. Kazi yake ni kutunza saa ya kompyuta umeme ukizimwa. Ikifa, kila ukiwasha mashine inaamini ni miaka mingi nyuma, na kurasa nyingi za intaneti hukataa kufunguka kwa sababu tarehe hazilingani. Ni betri ile ile anayouza fundi saa sokoni.

Halafu ikaja flashi. Hapa pana jambo ambalo lilitufurahisha kuliko yote. Linux unaweza kuijaribu ikiwa ndani ya flashi, bila kugusa kilichomo ndani ya mashine. Unachomeka, unawasha, unabonyeza kitufe kimoja cha juu (kwa nyingi ni F12 au Esc), unachagua flashi, na baada ya dakika chache kioo kinawaka. Ukiona sauti, kioo na vitufe vinaitika, ndipo unaiweka moja kwa moja. Angalizo kwa mwenye picha na barua ndani ya mashine yake: zinakiliwe kwanza mahali pengine, kwa kuwa kuiweka moja kwa moja kwaweza kufuta vyote.

Si zote zilikubali. Tatu zilikuwa za kale mno, za aina ya biti 32, na watengenezaji wengi wameiacha aina hiyo. Ubuntu iliacha kuitolea matoleo mapya, na Debian, iliyo mama wa nyingi katika hizi, ilitoa toleo lake la 13 mwezi Agosti 2025 bila njia ya kuiweka kwenye mashine hizo. Moja kati ya hizo tatu iliamka kwa antiX, na inatosha kupiga chapa barua. Katika zile nane nyingine, mbili zilikuwa zimekufa kweli. Kijana alizitoa vipande vya kumbukumbu akavihamishia kwa wenzake, zikapata gigabaiti mbili mbili. Magharibi ilipoingia zilikuwa zinawaka sita zenye Lubuntu na ile moja mzee. Nne zilibaki za kutolea vipuri.

Tusidanganyane. Mashine hizi haziwi mpya. Kuandika, kufanya hesabu za majedwali, kusoma na kujifunza kupiga chapa, hayo zinayaweza vizuri. Intaneti ndiyo inayozichosha, maana kurasa za siku hizi ni nzito zenyewe. Ukifungua mbili unangoja, ukifungua tano mashine inaganda. Kwa hiyo kijana aliweka Kiwix, programu inayohifadhi Wikipedia ndani ya mashine isomwe bila mtandao, ikiwamo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2003. Kwa hosteli yenye mabinti wadogo tuliona hilo ni heri mara mbili: bando haliliwi, na hakuna mlango wa kupitia mambo yasiyowafaa.

Binti mmoja aliuliza kama mashine inaweza kusema Kiswahili. Hapo ndipo tulipomkumbuka Steere na uchapaji wake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Sweden katika mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maneno yote ya Kiswahili. Waliweza kwa sababu programu huria haihitaji ruhusa ya mwenye mali kutafsiriwa. Sikitiko letu ni kwamba hatujaikuta ikitumika katika ofisi hata moja huku kwetu. Watu walishazoea maneno ya Kiingereza, wakaona ya kwao ndiyo magumu.

Usiku baada ya chakula lilikuja swali zito. Mama mweka hazina alisema, "Wauguzi, niambieni kweli. Hivi si takataka walizochoka nazo wenyewe wakatuletea sisi?"

Hakukosea. Vyombo vingi huletwa Afrika kwa jina la msaada vikiwa vimeshakufa, na anayevipokea ndiye anayebaki na kaburi. Vile vioo vya chogo vina madini ya risasi ndani ya glasi yake. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto hudhuru ubongo, na mtoto huweza kuchelewa kujifunza bila mama kujua sababu. Tuliwaambia wazi: vioo hivyo visivunjwe, visitupwe karibu na maji, na waya zisichomwe ili kupata shaba, kwa sababu moshi wake ni sumu. Vinne vilivyokuwa pale vilifungiwa stoo mpaka wapatikane wanaovichukua kwa utaratibu. Tena vinakula umeme. Mashine ya mezani yenye kioo cha chogo huweza kufikia wati 150, wakati kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, iliyotoka mwaka 2012 na yenye ukubwa wa kitambulisho, hutumia chini ya 10 bila kioo chake. Siku hosteli itakaponunua chochote kipya, sisi tungeshauri kitu cha namna hiyo pamoja na sola. Ila leo kilichopo ni hiki.

Swali la nani atatengeneza halikuachwa. Kijana wetu hatakaa Masasi milele. Anazungumzia Dar es Salaam kila siku. Kwa hiyo kabla ya kuondoka Jumapili alimkalisha mama mlezi na mabinti wanne mbele ya mashine moja, akaifuta yote, akawataka waiweke upya wenyewe. Walirudia mara mbili. Mara ya pili yeye alikwenda kunywa chai. Flashi moja imebaki kabatini kwa mama mlezi, imefungwa kwenye kitambaa pamoja na ufunguo wa stoo.

Walikubaliana pia juu ya LUKU: mashine ziwashwe saa mbili kila jioni, na binti wa zamu aandike daftarini namba inayosomwa kwenye mita kabla na baada.

Jumatatu mama mlezi alitupigia simu. Mnunuzi alikuja na mizani yake, akapewa makasha matatu matupu ya chuma. Fedha iliyopatikana haikufika nusu ya bei ya godoro. Suala la magodoro litazungumzwa tena korosho zikishapigwa mnada, na mama mweka hazina amesema safari hiyo hatataka kusikia habari za kompyuta.