DADA WA KARI NA PROFESA WA SLAIDI: Kilichotokea kimbwetani Songea

Kuna wanafunzi wa chuo wanakaa nyuma darasani ili wachati vizuri. Wengine wanakaa nyuma ili wasinzie. Halafu kuna dada mmoja pale Songea, yeye alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa sababu alikuwa na aibu iliyotimiza mwaka mzima.

Stori ilianza wiki ya tatu tu tangu aingie chuo. Somo lilikuwa uchumi, saa mbili asubuhi, ukumbi umejaa mpaka wengine wamekaa dirishani. Profesa akauliza swali. Dada wa watu, mtoto wa mkulima kutoka Namtumbo, akanyoosha mkono. Jibu alikuwa nalo. Akasimama, akaanza kwa Kiingereza, akafika katikati ya sentensi, neno likagoma kutoka. Akarudia. Likagoma tena.

Profesa akamwangalia juu ya miwani, akasema, "Binti, kaa chini. Katafute Kiingereza kwanza, halafu urudi."

Ukumbi mzima ukacheka. Sio kicheko cha kawaida, kile cha mtu kupiga meza. Dada akakaa. Toka siku ile hakunyoosha tena mkono.

Mwisho wa mwaka somo lile likamlaza. Akapewa sapu, sapu nayo ikamshinda, likawa kari. Kwa ambaye hajapita chuo: kari ni somo unaloburuza kwenda nalo mwaka unaofuata. Uko mwaka wa pili lakini unarudi kukaa na watoto wa mwaka wa kwanza, wanakuangalia kama shangazi aliyekuja kuwatembelea. Na kwa dada huyu hii ilikuwa nafasi ya mwisho. Akianguka tena ni disko, yaani funga begi urudi nyumbani.

Na nyumbani kwenyewe kulikuwa hakusemeki. Bodi ya Mikopo ilimpa sehemu tu ya alichoomba, iliyobaki baba yake akajazia kwa mahindi. Gunia baada ya gunia. Kila bumu likichelewa mzee anaingia stoo. Dada alikuwa anajua hesabu ya magunia yaliyobaki kuliko anavyojua maksi zake.

MZEE WA SLAIDI

Sasa usimuone profesa ni mtu mbaya. Alikuwa hakosi kipindi, hata mvua za Songea za Februari zipige vipi. Anaingia, anachomeka flashi, projekta inawaka, anasoma slaidi. Slaidi ya 1 mpaka ya 60. Anamaliza, anauliza kama kuna swali. Kimya. Anachomoa flashi, anaondoka. Akifika kwenye chumba cha walimu anawaambia wenzake, "Kizazi hiki hakisomi. Unauliza darasa zima, wanakuangalia tu kama sanamu."

Upande wa pili wanafunzi nao walikuwa na lao. Kwa nini usumbuke kusikiliza wakati slaidi zile zile ziko steshenari, unatoa kopi, unakesha unapiga msuli, unameza, asubuhi unaenda kutapika kwenye karatasi? Madesa yalikuwa yanarithiwa. Kuna kopi zilikuwa na mwandiko wa watu waliomaliza miaka minne nyuma.

Yaani profesa anaona wanafunzi wavivu, wanafunzi wanaona profesa mvivu, na wote wawili wamechoka.

Mdau, elewa kitu kimoja. Mtoto wa Kitanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali anajifunza hesabu, sayansi na kila kitu kwa Kiswahili, utaratibu ulioanza 1967. Akivuka kwenda kidato cha kwanza, karibu vitabu vyote vinageuka Kiingereza ghafla. Miaka minne, miaka sita anakariri, anavuka, anafika chuo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili kutumika ngazi zote, lakini kwenye kozi nyingi za chuo hakuna aliyeupita. Na sio kwamba haiwezekani. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Idara ya Kiswahili iliyoanzishwa 1970 ilifundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili, na watu walitoka humo na shahada za uzamivu.

Kwa hiyo ukiona darasa kimya, usikimbilie kusema ni vilaza. Wengine jibu wanalo, lugha ya kulipitishia ndio hawana.

KIMBWETANI

Chuo chochote Tanzania darasa la kweli liko kimbwetani, yale mabenchi ya zege chini ya miti. Ndipo watu wanapokutana jioni kwa diskasheni. Pale hakuna slaidi.

Watoto wa mwaka wa kwanza waligundua kitu kabla ya profesa: yule dada wa kari ni kichwa. Mmoja alimuuliza swali dogo, akajibiwa vizuri, kesho akaja na wenzake watatu. Kufikia mwezi wa pili kimbweta chake kilikuwa kinajaa mpaka wengine wanasimama.

Jioni moja, wiki ya kumbukumbu ya Majimaji, mji umejaa wageni waliokuja kwa ajili ya Februari 27, siku ambayo mashujaa wa Majimaji wananyongwa tena kila mwaka kwenye hotuba, profesa alikuwa anatoka ofisini. Gari lake liko kwa fundi. Akasimama chini ya mti kusubiri bodaboda, nyuma ya vimbweta. Giza linaanza kuingia, hakuna aliyemwona.

Akasikia sauti ya kike inafundisha.

"Sikilizeni. Mwaka mvua imekubali, kila mtu Namtumbo kavuna. Bei inafanyaje?"

"Inaporomoka!"

"Sawa. Ikiporomoka nusu, mtu wa Dar aliyekuwa anakula sahani moja ya ugali, atakula mbili?"

Wakacheka. "Tumbo litapasuka dada!"

"Eeh. Tumbo halijui bei imeshuka. Kwa hiyo mahitaji yanaongezeka kidogo tu, bei inashuka sana. Baba yangu mwaka huo aliuza magunia mengi kuliko mwaka wa nyuma, na hela aliyopata ikawa ndogo. Hiyo ndio slaidi ya 23. Chumvi ni hivyo hivyo, ipande mara mbili bado utanunua. Lakini chipsi kuku zikipanda, unarudi geto unapika maharage. Chumvi mahitaji yake hayavutiki, chipsi yanavutika. Neno lake ni elastisiti. Mkiandika kwenye mtihani andikeni hivyo kwa Kiingereza, lakini kichwani wekeni tumbo."

Mmoja akauliza, "Na kahawa ya Mbinga je? Bei ikipanda si wakulima wataongeza?"

"Wataongeza nini? Mche wa kahawa unakaa kama miaka mitatu ndio uanze kukupa. Bei imepanda leo, wewe unapanda leo, utavuna bei ikiwa imeshashuka. Hapo sasa tunaongelea upande wa muuzaji. Slaidi ya 41."

Bodaboda ikafika. Profesa akaipungia mkono iondoke. Alisimama pale mpaka giza likaingia kabisa.

Miaka yote hiyo alikuwa anafundisha mada ile kwa mfano wa magari na siagi, mifano ya kitabu cha Ulaya. Yuko Songea, kwenye mkoa unaolisha nchi mahindi, magunia yanapita mbele ya ofisi yake kwenda kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na haikuwahi kumwingia akilini kuyaleta darasani.

"BADO NATAFUTA"

Kesho yake akamwita ofisini. Dada alienda miguu haina nguvu. Alijua ni habari ya disko.

"Shikamoo Prof."

"Marahaba. Kaa, mama. Jana jioni nilikusikia kimbwetani."

Dada akaanza kujitetea, kwamba hakuwa anamdharau mwalimu, ni watoto tu walimwomba. Profesa akamkatisha kwa mkono.

"Ulifundisha vizuri. Nataka kujua kitu kimoja. Mbona darasani husemi?"

Dada akaangalia chini. Halafu akasema taratibu, bila hasira kabisa:

"Prof, uliniambia nikatafute Kiingereza kwanza halafu nirudi. Bado natafuta."

Profesa akamuuliza ni lini alisema hivyo. Alikuwa hakumbuki. Hakumbuki hata kidogo! Ile sentensi ilimtoka asubuhi moja akaisahau kabla hajafika kwenye gari lake, na mwenzake aliibeba mwaka mzima, akala nayo, akalala nayo, akafeli nayo mara mbili.

Mzee wa watu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamsimulia. Alipokuwa sekondari, miaka ya sabini, ukikamatwa unaongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni, unazunguka nacho mpaka umkamate mwingine umvishe. Yeye alikivaa sana, maana alitoka kijijini. Alilia, kisha akakomaa, akajua Kiingereza kuliko wote. Akaamini kibao ndicho kilichomfundisha.

"Kumbe sikukivua," akasema. "Nimekuja nacho mpaka hapa, nikakuvisha wewe."

Kwenye rafu yake kulikuwa na Elimu ya Kujitegemea, andiko la Mwalimu Nyerere la Machi 1967. Humo Mwalimu alilalamikia elimu inayomfanya kijana aamini kwamba maarifa yako vitabuni tu, na kwamba mzazi asiyesoma hana cha kumfundisha. Profesa alishalitolea mhadhara andiko hilo si mara moja. Kwa slaidi.

DARASA LILIVYOGEUKA

Wiki iliyofuata aliingia ukumbini bila flashi. Watu wakadhani ameisahau. Akaandika ubaoni neno moja tu, MAHINDI, akawaambia wageukiane wanne wanne, waongee lugha yoyote, waeleze kwa nini mkulima akivuna sana anaweza kupata hela kidogo. Dakika 20. Ukumbi ukawa kama soko. Baadaye akasema, sasa tulitafute kwa Kiingereza pamoja, anayekosea asichekwe, maana na mtihani ni wa Kiingereza.

Sio wote waliofurahi. Kuna kaka mmoja alisimama akasema wazi kwamba yeye analipa ada ili ajue Kiingereza, usaili wa kazi hakuna anayekuuliza kwa Kiswahili. Ana hoja, na profesa alikubali kuwa ana hoja. Mhadhiri mwenzake naye alimtania kwamba ameshusha chuo kuwa shule ya msingi. Na mwenyewe mara mbili tatu alichoka akarudi kwenye slaidi zake, maana kusoma slaidi 60 ni rahisi kuliko kusikiliza watu 200.

Dada je? Usitegemee muvi. Hakugeuka kuwa mtangazaji wa redio ya Kiingereza. Siku aliyonyoosha mkono tena sauti ilikuwa inatetemeka, akakosea, akasimama katikati vile vile kama mwaka jana. Ukumbi ukanyamaza. Profesa akamwambia, "Malizia kwa Kiswahili, halafu tutarudi." Akamalizia. Watoto wa kimbwetani wakapiga makofi, wengine wote wakafuata.

Mtihani ulikuwa wa Kiingereza kama kawaida. Matokeo yalipobandikwa alitafuta namba yake kwa kidole, taratibu, kama mtu anayetafuta jina kwenye orodha ya msiba. Akakuta C. Kuna watu C inawaliza. Yeye alikaa chini pale pale kwenye korido akapiga simu Namtumbo.

"Baba, nimevuka."

"Umevuka mama? Umepata ngapi?"

"C."

"C ndio nini?"

"Ndio ile ya mahindi, baba. Niliandika habari ya mwaka ule uliouza magunia mengi ukapata hela kidogo."

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Basi hiyo C ni ya kwangu," akasema. "Hasara yote ile, kumbe nilikuwa nakulipia ada."

Haya mdau, zamu yako. Kuna mwalimu aliwahi kukuambia neno moja darasani ukalibeba miaka? Au wewe ndiye mwalimu, na kuna mtu umemvisha kibao na umeshasahau? Tiririka hapo chini. Kiswahili ruksa, Kiingereza cha kukosea pia ruksa. Hachekwi mtu.