Nati za bluu na roho ya mama

Najua wapo watakaoguna wakiona binti wa Raskazone kaacha habari za mapenzi na mitindo ya nywele, anaandika habari za nati za magari. Guneni tu. Mimi sina gari, lakini nina kaka mwenye gari, na hapo ndipo nilipopata kazi ya kudumu ya uabiria. Abiria naye ana roho, au siyo?

Kwa wale ambao hamjafika Tanga, Raskazone ni kule pembeni mwa mji, baharini, upepo mwanana na nyumba za zamani zenye miti mikubwa. Jumapili jioni watu huja kuogelea na kupunga hewa, na vijana huja kutanua na michuma yao. Utaona Altezza, Mark II na Subaru Impreza zimeshushwa chini, ekzosi zinanguruma, ringi za spoti zinameremeta. Siku hizi ringi peke yake haitoshi, mpaka nati nazo zipigwe pamba! Ndefu, za bluu, nyekundu au zambarau, zimechomoza kwenye ringi kama hereni. Nyingi katika hizo ni za alumini.

Kaka yangu ana Altezza. Aliipata kwa zamu za usiku na kujinyima kwa miaka. Hana nyumba, hana mke, hilo gari ndilo cheti chake. Wanaomcheka kwa kuliosha kutwa mara mbili hawajui ilivyo kuitwa "wewe hebu" mtaa mzima, halafu siku moja watu wale wale wakuite "bro, naomba lifti". Kwa hiyo aliponionyesha kwenye simu picha ya nati ishirini za bluu, akauliza, "Mdogo wangu, unaonaje?", sikumcheka hata kidogo. Kusema kweli zilikuwa bomba. Nilimuuliza swali moja tu:

"Kaka, ndizo tunazoendea Lushoto?"

Maana harusi ilikuwa imekaribia, mtoto wa mama mkubwa anaolewa Lushoto, na gari la kutupeleka ni hilo hilo. Anayeijua njia ile anajua. Unatoka Tanga hadi Segera, unapita Korogwe, ukifika Mombo unaanza kupanda, kilomita 33 hivi za kona juu ya kona, huku mlima, huku bonde. Tena afadhali kupanda. Wakati wa kushuka mguu hauachani na breki, na magurudumu yanachemka. Nyuma amekaa mama na shangazi wawili, mbele kaka na mimi.

Kaka akaja juu. Muuzaji kamwambia alumini ni nyepesi, gari litachomoka kama mshale, hata magari ya mashindano yanatumia hizo hizo. Nikamwambia sawa, lakini tukamuulize fundi kwanza. Tukaenda Ngamiani kwa mzee mmoja aliyezeekea gereji. Hakutucheka wala hakutukaripia. Alimwekea kaka nati ya chuma kwenye kiganja cha kulia na ya alumini kushoto.

"Haya mwanangu, pima."

Kweli, ya kushoto ilikuwa kama haipo. Alumini ina uzito wa theluthi moja hivi ya chuma. Lakini tufanye hesabu, msomaji wangu, hata sie wa kidato cha nne tunaiweza. Nati ya chuma ya gari dogo ina gramu 50 hivi, ya alumini 20 hivi. Altezza ina nati tano kila gurudumu, jumla ishirini. Umeokoa gramu 600, sawa na chupa ndogo ya maji! Tena uzito wenyewe uko karibu na katikati ya gurudumu, kama sentimita sita tu kutoka kwenye kitovu chake. Mzigo unaoichosha injini wakati wa kuondoka ni ule ulio mbali na kitovu, yaani tairi na ukingo wa ringi. Anayetaka wepesi wa kweli anunue ringi nyepesi, au ateremshe spika kubwa kwenye buti.

Basi, kwa nini wa mashindano wanazitumia? Fundi akatueleza kwamba wale kila gramu wanaihesabu, nati zao zinakaguliwa kila mara, na ikichoka kidogo inatupwa. Nao wana mashine na wataalamu, ndiyo maana mwaka 2023 kule Qatar timu ya McLaren ilibadili matairi manne kwa sekunde 1.80, ukipiga chafya umekosa. Lakini hata wao yanawakuta. Mei 2021 kule Monaco, Valtteri Bottas wa Mercedes alikuwa wa pili, akaingia kubadili matairi. Mashine ikaisaga nati ya gurudumu moja la mbele, kingo zote zikalika, gurudumu likagoma kutoka. Mbio zikaishia pale pale, na ringi ikaja kutolewa siku kadhaa baadaye kiwandani kwao Uingereza. Kama yamewakuta Mercedes na mabilioni yao, itakuwaje kwa kijana wa Tanga aliyepata pancha usiku Mkata, ana wili spana na tochi ya simu?

Chanzo ni kwamba alumini ni laini. Stadi, ile bolti iliyotokeza kwenye habu, ni ya chuma. Laini na ngumu zikikazana, hesi za ile laini ndizo zinazolika. Na sisi kwetu anayekaza ni kijana wa kuziba pancha mwenye bunduki ya upepo, anapiga trrrr mpaka gari linatikisika, kisha anasema "tayari bosi". Chuma huvumilia hayo kwa muda, alumini haivumilii. Inatakiwa kukazwa kwa mkono na spana ya kupimia nguvu. Kwa Altezza kipimo ni nyutoni mita 103, si "kaza mpaka mkono uume".

Halafu kuna bahari, bwana. Alumini na chuma vikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Inaota unga mweupe na kung'ang'ania stadi kama kupe. Sasa wewe unaegesha Raskazone, upepo wa chumvi unakupiga mchana na usiku, halafu unavaa nati za alumini! Chuma nacho hupata kutu, lakini unaiona mapema na unajua cha kufanya. Tena moto wa breki huitanua alumini karibu mara mbili ya chuma na kupunguza nguvu zake, na ule mteremko wa Mombo nimeshawaeleza.

Kaka alinyamaza. Nilimuona anaitazama picha kwenye simu kama mtu anayetazama mchumba aliyeambiwa hamfai. Njiani tukirudi akaniambia, "Wewe huelewi. Wenzangu wote wanazo." Nikamjibu, "Naelewa sana. Lakini mama hajui nati ni kitu gani. Anachojua ni kwamba anayeendesha ni wewe, ndiyo maana anasinzia."

Hakunijibu. Kesho yake alirudi na nati ishirini za chuma, nyeusi tii, zenye mdomo wa pia unaokubaliana na ringi zake. Na niwaambie, akina kaka, zimependeza! Kumbe hata za chuma zipo za rangi.

Siku ya safari, tulipofika Segera, kilomita sabini na kitu kutoka nyumbani, kaka akaweka gari pembeni, akatoa spana. Mama akaamka. "Baba, kimeharibika nini?"

"Hakuna mama, nasalimia matairi."

Nati mbili zilikubali kuzunguka kidogo, za gurudumu la nyuma kushoto, upande aliokaa mama. Akazikaza, akapangusa mikono, tukaendelea. Lushoto tulifika, tukala pilau, tukashuka salama.

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua, sikia. Nenda na sumaku, hata ya spika mbovu. Isiponasa, hiyo si chuma cha kawaida, hata muuzaji akila kiapo. Angalia hesi, maana za Toyota nyingi ni 12 kwa 1.5 na za Subaru ni 12 kwa 1.25. Ukilazimisha, unaua stadi. Angalia na mdomo pia, kwani nati bapa yenye washa ya ringi za Toyota za kiwandani haikai kwenye tundu la pia, italegea tu. Anza kwa mkono, kaza kwa kuruka kama unachora nyota, usipake grisi, na ukishatembea kilomita 80 hadi 100, rudia. Na kama moyo umeganda kwenye alumini, vaa za kupigia picha, lakini siku ya safari rudisha za chuma.

Mji wetu una sifa yake ya waja leo waondoka leo. Waondoke wageni jamani, magurudumu yabaki. Tukutane wiki ijayo.